Wageni wa Blogu ya Baba

Kila alasiri baba alipanga viti sebuleni, akabandika birika jikoni, akauacha mlango wa mbele wazi. Wasomaji wa blogu yake walikuja wenyewe. Mtu akiifungua huko aliko, papo hapo hujikuta getini kwa mzee, akabisha hodi, akavua viatu, akakaa kusoma. Akimaliza huaga na kutoweka. Majirani walishazoea; walilalamikia viatu tu, maana vilijaa hadi njiani.

Blogu ilihusu kutengeneza cherehani. Lakini kwa kuchanganya habari, mzee hajambo: ataanza na sindano, amalizie na marehemu mkewe, alivyokuwa akishona huku anaimba ovyo, alivyomnunia wiki nzima kwa sababu ya mkasi. Wengi walikuja kwa ajili ya mama huyo.

Binti yao alikuwa mbunifu na mhandisi wa kurasa katika kampuni kubwa ya mtandao, ile ambayo watu hushinda humo kutwa. Mikono ya kazi alikuwa nayo, jamani. Wakubwa hawakutaka watu watoke kwenda kwenye blogu za watu binafsi, wakamwomba jambo dogo: viungo vya kwenda kurasa za nje avififishe, na anayebonyeza aulizwe kwanza, "Una uhakika unataka kuondoka?" Alihangaika nalo mpaka likapendeza. Wakampigia makofi.

Kesho yake wageni waliishia getini, wamepauka kama nguo za kufuliwa kila siku. Geti liliwauliza swali lile kwa sauti ya binti. Wakasita, wakageuka. Baba, ambaye masikio yake yalishaharibiwa na mashine, hakusikia kitu. Alitoka kuwaita, akarudi kunywa chai peke yake.

Binti alipotoka kazini, baba alimkalisha.

"Mwanangu, hii ndiyo kazi yako. Niambie kweli. Nimeanza kuwachosha watu?"

Alijua ni lile swali lake lililowageuza. Aliona haya mpaka macho yakamwasha, lakini hakulitaja.

"Labda ufupishe kidogo, baba."

Baba akashukuru. Akavaa miwani, akaanza kufuta. Habari za sindano alizibakiza. Akafuta harusi, akafuta ugonjwa, na alipofika siku ya mazishi akashindwa kubonyeza.

Binti akamshika kidole, akamsaidia.