Snezhana Akataa Kushuka

Kombora lilipoangukia soko la mtaani kwao Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, Snezhana alimfunga mwanawe Artur mgongoni kwa shali, akamshika mkono mama mkwe wake, Bibi Raya, wakaenda stesheni kwa miguu. Mumewe Yan alikuwa vitani tangu mwanzo, amevaa magwanda kama vijana wengine wa mji ule.

Stesheni ilifurika watu mpaka kwenye ngazi. Treni ya kwenda magharibi ilipoingia, umati ukawasukuma hadi kwenye mlango wa behewa. Kondakta, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa anampandisha mama mmoja na paka wake. Zamu ya Snezhana ilipofika, kondakta akanyoosha mkono kuziba njia.

"Limejaa."

"Umempandisha paka sasa hivi."

"Nyie Waroma subirini. Kwanza wanaokimbia vita."

"Na sisi tunakimbia nini, harusi?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akanong'ona kwamba wakipanda hawa, mizigo haitafika salama. Bibi Raya akamvuta Snezhana nguo. "Twende, mwanangu. Tutapata nyingine." Maisha yake yote, kama Waroma wengi, jamii ndogo inayodharauliwa kote Ulaya, alikuwa akiambiwa asubiri, naye alikuwa akisubiri. Snezhana akaitazama miguu ya yule mzee ilivyovimba.

Akainama, akapenya chini ya mkono wa kondakta, akamfungua Artur na kumpakata, akaketi chini katikati ya mlango.

"Toka hapo. Treni haiondoki mlango ukiwa wazi."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waambie mume wangu anaulinda mji wa Izium kwa bunduki, na mimi naulinda mlango huu kwa makalio."

King'ora cha hatari kikaanza kulia. Abiria wakamfokea Snezhana ashuke. Walipoona hatikisiki, wakamgeukia kondakta.

"Mpandishe huyo bibi, mama," mwanamume mmoja akasema kutoka ndani. "Unataka tufie hapa?"

Kondakta alimtazama Snezhana kwa jicho baya, kisha akashuka, akamshika Bibi Raya kwapani na kumwinua hadi ndani.

"Haya, umepata ulichotaka. Inuka."

"Bado."

Snezhana akaita kwa Kiroma. Kando ya nguzo kulikuwa na familia nyingine ya Waroma, wamejikunyata na mabegi yao bila hata kujaribu kusogea. Wakaja mbio, wakamruka mmoja mmoja, watoto kwanza. Alipopita wa mwisho ndipo akanyanyuka, na mlango ukafungwa.

Hakuna aliyewapisha. Bibi Raya akakaa juu ya begi lao, akamchukua Artur. "Umenitia aibu mbele za watu," akasema, lakini mkono wa Snezhana hakuuachia.

Snezhana alisimama mpaka mji wa Poltava, ameegemea mlango.