Upande wa Pili wa Santuri za Mwatumu

Mwaka 1953 Mwatumu binti Rehani wa Handeni alitoa santuri tatu za nyimbo za kuchekesha. Zote alizitunga mwenyewe, wala hakuna kampuni iliyomtuma. Alikwenda Korogwe kwa Abdi, fundi wa redio pale Kilole aliyekuwa na mashine ya kuchonga santuri, akaimba katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani.

Wimbo wa kwanza ulimsema mumewe, Mhina, anayekoroma hadi majirani hudhani lori limekwama. Wa pili ulimsema zumbe wao, Athuman, mkuu wa eneo lile, asiyevua koti la serikali hata akienda kuoga mtoni. Wa tatu ulimsema punda wa Mhina, aliyegoma kuvuka daraja mpaka aombwe radhi.

Alipozipiga kwenye gramafoni mbele ya mgahawa wa sokoni, watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Mara zumbe akatokea, na koti lake.

"Shikamoo, zumbe," alisema Mwatumu.

"Marahaba. Hebu lete hiyo santuri." Zumbe akaigeuza. "Upande huu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Barazani kwangu mtu akishtakiwa hujibu. Mimi nitajibu upande huu. Mumeo naye atajibu. Na punda."

"Punda, zumbe?"

"Kwani yeye hakushtakiwa?"

Wiki iliyofuata walipanda lori la mkonge kwenda Korogwe na zile santuri, watu watatu na punda mmoja. Segera wauza machungwa walidhani punda anapelekwa hospitali, wakampa pole.

Abdi hakushangaa. Aliuliza tu jina la punda, aliandike kwenye santuri.

Zumbe alitangulia. Alieleza kwa heshima zote kwamba koti ni mali ya serikali, na mali ya serikali haiachwi juu ya jiwe. Mhina, akingoja zamu yake kwenye benchi, akasinzia, na mkoromo wake ukaingia katika hotuba yote. Alipoamshwa, alisogelea kipaza sauti, akasema kwa uchungu:

"Mimi sikoromi. Sijawahi kujisikia nikikoroma."

Akanyamaza hadi santuri ikajaa.

Punda alifika mlangoni, akagoma. Ikabidi Mwatumu mwenyewe amwombe radhi. Ndipo akaingia, akatafuna blanketi la ukutani kwa dakika tatu nzima.

Santuri ziliporudi Handeni, nyimbo hazikuwa na mtu tena. "Geuza! Geuza!" watu walipiga kelele kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Punda alipoanza kutafuna, mzee mmoja alianguka na kiti chake.

Mwatumu alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha moto.

"Miezi minne nimetunga," alimwambia Mhina. "Wewe umesema maneno matano, unasalimiwa mpaka Mazinde!"

"Mama Shida, mimi sikutaka kuchekesha mtu. Nilikuwa nasema kweli."

Neno hilo lilimkaa Mwatumu kichwani siku tatu. Ya nne akapanda lori peke yake hadi kwa Abdi, akaimba wimbo wa kujisema mwenyewe: mwanamke aliyenuna kwa kuwa punda amemshinda. Ulikuwa wimbo mzuri. Kisha Abdi akageuza santuri, na Mwatumu akajibu. Alijitetea kwa ukali. Akaitaja ile miezi, akataja ubeti mmoja mmoja, akasema punda yule hana hata sauti, na blanketi lenyewe lilikuwa kuukuu. Mwishowe akalia kabisa.

Abdi alitoka mbio, kofia ameishindilia mdomoni. Mwatumu akamsikia akicheka uani. Alitaka kukasirika, lakini alijikuta amesimama mbele ya kipaza sauti, pua inamtiririka, naye anacheka.

"Usinyamaze, dada," Abdi alisema dirishani. "Bado kuna nafasi kidogo."

Santuri hiyo Handeni waliisikiliza pande zote mbili, na Zumbe Athuman aliagiza ipigwe barazani kabla ya kila kesi, watu wajue namna ya kujitetea.