Kaimu wa Miaka Sita

Mimba ni miezi tisa. Tembo mwenyewe, na ukubwa wake wote, hafiki miaka miwili. Mimi nimekaimu ukuu wa Idara ya Ubora kwa miaka sita, na kila nilipouliza barua yangu ya cheo iko wapi, Mkurugenzi alinijibu vilevile: "Mama, vuta subira." Nimeivuta mpaka imekatika mkononi.

Shirika letu linanunua na kuuza nafaka. Ununuzi wanazitafuta, Usafirishaji wanazileta, Maghala wanazitunza, Masoko wanazitafutia wateja. Sisi wa Ubora tunasimama getini na kusema mzigo huu uingie, ule urudi ulikotoka. Kwa hiyo hatupendwi. Chumba chetu kina meza mbili, mizani, chekecheke, na rafu ya makopo iliyojaza ukuta mzima. Chombo changu ni bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, unachoma nacho gunia kutoa punje za katikati, maana wajanja huweka mahindi mazuri juu na uchafu tumboni. Nimelishika miaka kumi na tisa. Makuli wananiita Mama Bambo, na sikatai.

Kila mzigo tunatoa sampuli, tunaigawa mara tatu. Fungu moja anachukua muuzaji, la pili tunapima, la tatu linaingia kwenye kopo pamoja na kikaratasi cha mpimaji, linapigwa lakiri na kukaa rafuni miezi mitatu. Kopo hilo tunaliita shahidi. Anayelifungua kabla ya wakati, pasipo kikao cha mgogoro wa mzigo, hana kazi.

Sasa sikilizeni nilivyofanywa. Siku moja bibi wa Utumishi alikuja na tabasamu la kuomba kitu. "Mama, tunatoa kijitabu cha ajira. Kila idara ieleze kazi zake, taratibu zake na sifa za mkuu wake. Nani anaijua Ubora kama wewe?"

Nikajua barua yangu imeiva. Niliandika kurasa mbili, kila kitu, kuanzia namna ya kushika bambo hadi nani atie saini wapi. Mume wangu ni fundi cherehani, na jioni zote za miaka hiyo sita alikuwa akinipokea mlangoni kwa utani: "Karibu, bosi!" Safari hii alinishonea gauni la usaili, la bluu, lina mifuko.

Kijitabu kikatoka. Maneno yote yangu, hata makosa yangu yalikuwemo. Ila juu kabisa ya sifa za mkuu wa idara wameongeza mstari mmoja: awe na shahada ya chuo kikuu. Mimi nina cheti. Yaani nimechimba kisima kwa kucha zangu, halafu mwenye ndoo anakuja kunikataza maji!

Nilimfuata bibi wa Utumishi palepale. "Ah, mama, ni utaratibu tu," akasema. "Usichukulie moyoni."

"Nisichukulie moyoni nichukulie wapi? Gotini?"

Gauni likaning'inia msumarini. Mwezi uliofuata akaja mkuu mpya, kijana nadhifu, kishikwambi hakimtoki mkononi, hata makuli wakambatiza jina hilohilo. Adabu anayo. Alinipa shikamoo kila asubuhi, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana mtu mwenye adabu huwezi hata kumtukana vizuri. Nikaomba fomu ya makabidhiano ili nimkabidhi idara. Utumishi wakasema tutajaza baadaye.

Wiki ya tatu yakaja malori kumi na moja ya mahindi, na njiani yalikuwa yamenyeshewa. Kishikwambi akatia punje kwenye kipima unyevu, akasoma: "Kumi na mbili nukta nane. Makavu. Shusheni."

Nilikuwa nimeshatia punje mdomoni. Hindi kavu ukiling'ata linapasuka, unalisikia mpaka sikioni. Lile lilibonyea kimya.

"Mkuu," nikamwambia taratibu, "mahindi haya mabichi."

"Mama, kipimo hakidanganyi."

Nikachukua chupa kavu, nikatia chumvi kavu na mahindi, nikatikisa. Mahindi yakiwa makavu, chumvi inadondoka chini. Ile iling'ang'ania kioo pande zote. Nyapara wa makuli akasogea, akaitazama, akawaambia wenzake waweke magunia chini kwanza, Mama Bambo keshasema.

"Chumvi!" Kishikwambi akacheka. "Mama, tuko karne gani?"

Nikakichukua kile kipima mezani. Kina kitufe cha kuchagua nafaka, na kwenye kioo chake kulikuwa na kijipicha cha suke la ngano. Jana yake tulipima ngano, na hakukirudisha. Hapo nilikosea mimi, nakiri. Ningemvuta pembeni. Lakini nilikuwa na miezi ya hasira kifuani, nikapaza sauti makuli wote wasikie: "Msomi wetu amepima mahindi kwa kipimo cha ngano!"

Makuli wakaangua kicheko. Kijana wa watu uso ukambadilika, nikajua hapo hatapima tena hata kwa dawa. "Nimeshaandika," akasema. "Na usinivunjie heshima mbele ya watu." Akampigia simu Mkurugenzi, akaweka sauti nje. Mkurugenzi hakuuliza mahindi yakoje. Alisema hivi, na nyapara alisikia: "Mkuu wa idara ni wewe. Kama umesema yaingie, yaingie. Huyo mama aache wivu."

Wivu!

Sampuli nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe. Kwenye kikaratasi nikaandika: Mabichi. Nimekataa. Nikaweka tarehe na saini, nikakitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikakifungia kwenye kopo na kulipiga lakiri mbele ya nyapara. Jumatatu nikahamishiwa masjala, kupanga mafaili. Asante ya punda ni mateke.

Siku arobaini na mbili baadaye harufu ilitufikia hadi masjala. Ghala namba tatu lilikuwa limechemka. Nilipoingia kuona, joto lilinipiga usoni, na magunia ya katikati yalikuwa yameota ukungu, mengine wa kijani, mengine mweusi tii. Magunia elfu tatu. Yalichimbiwa shimo nyuma ya uzio na kufukiwa, na makuli walewale walioyabeba kuingia ndio walioyabeba kutoka, nguo zimefungwa puani. Hicho ni chakula cha watu. Mtu alikilima kwa jembe. Nililia kwa hasira, na sikujificha.

Ndipo nikaitwa kikaoni. Mkurugenzi alikaa katikati, bibi wa Utumishi kulia, Kishikwambi kushoto, macho yake mezani. Mkurugenzi akasoma taarifa kwa sauti ya msibani. Akafika penyewe: "Kwa kuwa fomu ya makabidhiano haikujazwa, Mkuu wa Idara ya Ubora siku ya mzigo alikuwa..." Akataja jina langu, majina yote matatu. "Kamati inapendekeza aachishwe kazi kwa uzembe."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Miaka sita nimelitafuta neno hilo pembeni ya jina langu, leo wamenipa ili wapate wa kumfukuza.

"Soma tena, mheshimiwa," nikasema. "Hapo kwenye cheo."

Akasoma tena.

"Haya. Naomba shahidi wangu."

Nyapara alikuwa mlangoni kama nilivyomwomba, na lile kopo, lakiri nzima, na bambo langu kwapani. Nikalivunja mbele yao. Harufu ilipotoka, bibi wa Utumishi akaziba pua kwa mtandio. Ndani mlikuwa na ghala namba tatu kamili, ila dogo. Nikatoa kikaratasi kwenye plastiki, nikakilaza mbele ya Mkurugenzi.

"Kimesema nimekataa. Sasa fungueni kijitabu chenu, ukurasa wa pili, nilioandika mimi na nyinyi mkausahau. Mzigo uliokataliwa na Mkuu wa Ubora hauingii ghalani mpaka Mkurugenzi mwenyewe aruhusu. Kama mimi ndiye nilikuwa mkuu, basi nilikataa, na aliyeruhusu ni wewe, kwa simu, nyapara huyu hapa alisikia. Na kama sikuwa mkuu, mnaniuliza nini? Chagueni."

Kisha Mkurugenzi akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu, akaandika la Kishikwambi pembeni. Wala hakusita. Kulipandisha jina langu miaka sita hawakuweza, na kulifuta alitumia mkupuo mmoja wa kalamu. Nilimtazama Kishikwambi. Alikuwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia, maana naye hakujua kiti alichokalia ni cha wa kutupiwa lawama.

"Mama, huna kosa," Mkurugenzi akasema, akajitia kutabasamu. "Huyu bwana anasimamishwa kuanzia leo. Wewe rudi idarani sasa hivi, kuna malori yamefika."

"Nirudi kama nani?"

Akamwangalia bibi wa Utumishi. Bibi wa Utumishi akaangalia kijitabu.

"Kama... kaimu," akasema Mkurugenzi. "Kwa sasa."

Nilijua nikifungua mdomo vibaya nitasema maneno ambayo mtu mzima hayasemi. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya meza yake, nikalichukua bambo kwa nyapara, nikalilaza mapajani.

Nje, lori la kwanza likapiga honi. La pili likafuata. Bila saini ya Ubora hakuna gunia linaloshuka, na saini ya Ubora ilikuwa imekaa kwenye kiti, miguu imeikunja.

"Barua kwanza," nikasema. "Isiandikwe kaimu."

"Mama, hilo lina taratibu zake, bodi..." Honi zikawa nne, tano, akalazimika kupaza sauti. "Mama, malori yanasubiri!"

"Mheshimiwa," nikamwambia, "vuta subira."