Gerald Alipokataa Kutoa Kichwa

Teresia alimleta nyumbani kwa basi, ndani ya katoni la ndizi, amempakata mapajani kama mtoto wa wifi yake. Ilikuwa mwezi wa nne mwaka 2003. Barking, mashariki mwa London, ilikuwa inanyunyiza ile mvua yake isiyolowesha wala kukoma, na mumewe Elkana alikuwa pale alipokuwa kila siku tangu mgongo umkatalie: kochini, chupa ya maji moto nyuma ya kiuno, anabishana na mtangazaji wa televisheni.

"Umeleta nini? Ndizi?"

"Kobe."

Elkana alizima sauti ya televisheni. Hilo peke yake lilikuwa jambo. Hata habari za kifo cha mjomba wake zilipofika, aliipunguza tu.

"Kobe wa kupika?"

"Wa kufuga, Baba Moraa. Ni wa Doreen, yule bibi ninayemwogesha asubuhi. Wamempeleka nyumba ya wazee na huko hawataki wanyama. Alinishika mkono akalia. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana. Ni neno fupi sana, hata kwa Kiingereza."

"Anaitwa Gerald. Doreen amekuwa naye tangu mwaka wa hamsini na nane."

Elkana, aliyezaliwa mwaka wa sitini, alilitazama katoni kwa mashaka. "Kwa hivyo ni mkubwa wangu."

"Ndiyo. Msalimie."

Hakumsalimia. Hata hivyo Gerald asingeitikia. Alikuwa amejifungia ndani ya gamba lake, kichwa hakuna, mkia hakuna, miguu imekunjwa mbele kama milango miwili ya duka siku ya fujo. Doreen alikuwa amemwambia Teresia jambo moja tu: ni mwenye haya, mpeni muda. Lakini muda ndicho kitu ambacho Elkana hakuwahi kumpa mtu. Alikuwa mtu wa kumalizia wenzake sentensi. Kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, alisema "Ameni" kabla sala haijafika mwisho, ili watu waende.

Kabla ya mgongo kuharibika alikuwa akifanya kazi katika ghala la mikate, akipakia kreti kwenye malori. Siku moja aliinama kuinua kreti, kreti likainuka, yeye akabaki ameinama. Tangu hapo Teresia alifanya zamu mbili za kutunza wazee majumbani mwao, na Elkana akabaki na nyumba. Binti yao Moraa alikuwa chuoni Leeds, mbali na mdomo wa babake. Kwa hiyo mdomo huo wote ukamwangukia kobe.

Siku ya kwanza alimgongea gambani. "Hodi!" Kimya. "Hodi humo ndani! Kodi ya nyumba hii nalipa mimi!"

"Nalipa mimi," Teresia akasema kutoka jikoni.

Siku ya pili alimletea ugali. Halafu omena. Halafu kipande cha keki ya kanisani, ambacho hata binadamu walikuwa wamekikataa. Akamweka mbele ya televisheni, akamhamishia dirishani aone barabara, akampandisha juu ya meza ya kulia eti apate upepo. Pale mezani Gerald alitoa sauti yake ya kwanza: "Hssss," kama tairi linalovuja, kisha akazidi kujibana.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Elkana alilalamika usiku huo. "Sasa huyu jembe atalishika na nini? Mimi kwetu ni Tabaka, Mama Moraa. Watu wetu wanachonga kobe wa mawe. Nakuapia, hata wale wa mawe wamechangamka kumshinda huyu."

"Umwache."

"Nimwache afie mikononi mwangu? Kesho Doreen aseme Wakisii wamemla?"

Hapo Teresia alimwangalia vizuri, akagundua kwamba mumewe alikuwa na hofu kweli. Kobe alikuwa hajala kitu.

Aliyewaokoa ni Jaswant, jirani wa upande wa kushoto, Singasinga wa Kisumu aliyehamia Uingereza miaka ya sitini na kufanya kazi ya umekanika mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha gereji za Kisumu, na alipenda kukitumia akiongea juu ya ua uliotenganisha nyumba zao, amevaa kandambili. Elkana alimwita ndani amwone mgonjwa. Jaswant aliinama, akaweka kiganja juu ya gamba, akatikisa kilemba.

"Baridi, bwana! Hii ni injini ya dizeli. Asubuhi ya baridi haishiki. Wewe unapiga honi, unapiga teke, unatukana. Pasha moto kwanza!"

"Nampa chakula hali."

"Tumbo baridi itasaga nini? Na hii kugonga-gonga acha. Wewe siku ya kwanza London, mtu angekuja anakugonga kichwa, hodi, hodi, kula omena, panda meza. Ungetoka?"

"Mimi ningetoka nikampiga."

"Yeye hana ngumi. Ana nyumba. Ameingia nyumba."

Binamu yake wa Leicester aliwahi kufuga kobe, na Jaswant alijua mambo yote ya kobe, mengine ya kweli. Alisema apewe chapati, na hilo walilipuuza. Lakini alileta taa ya gereji yenye joto kali, akaining'iniza kwenye kona ya sebule mbali kidogo na sakafu. Chini yake Elkana alilaza kipande cha mbao na majani makavu. Kando, mahali pasipofika joto, aligeuza katoni la ndizi juu chini, akalikata mlango, Gerald apate pa kujificha akichoka kutazamwa. Kisha akachukua beseni la Teresia la kuoshea vyombo, akatia maji ya uvuguvugu kina cha vidole viwili, akamweka kobe humo.

"Beseni langu!" Teresia akapiga kelele aliporudi kazini.

"Anaoga."

"Na sisi tutakula kwenye vyombo vilivyooshewa humo?"

"Wewe unaogesha Waingereza wa London nzima, mimi nimeogesha mmoja tu, tayari ni kesi!"

Teresia alinunua beseni jipya. La zamani likawa la Gerald.

Baada ya hapo ilibaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa kunyamaza. Asubuhi Elkana aliwasha taa, akaweka majani ya sukuma na yale magugu ya maua ya njano yaliyojaa uani, akaketi kwenye zulia, mgongo kwenye ukuta, akafunga mdomo. Ilimuuma kuliko uti wa mgongo. Siku chache za mwanzo alivumilia mpaka chai ya saa nne tu. Halafu akagundua kwamba sauti ya chini haimsumbui kobe, kinachomsumbua ni makelele na vishindo. Basi akawa anamnong'oneza. Alimwita Mzee. Alimweleza habari za ghala la mikate, habari za ndugu wanaopiga simu kuomba karo tu, na mambo mengine ya kiume ambayo mtu hawezi kuyasema kanisani.

Alhamisi moja, katikati ya mnong'ono, milango miwili ya duka ilifunguka. Kikatoka kipua. Kikafuata kichwa, kizee, kikavu, chenye sura ya mtu aliyeamshwa kupokea wageni asiowaalika. Jicho moja likamtazama Elkana, likatazama sukuma. Gerald akanyoosha shingo, akauma jani, kru!

Elkana hakupumua. Alijiburuta kwa makalio hadi kwenye simu, akapiga namba ya mkewe.

"Ametoa kichwa!" alinong'ona.

Teresia alikuwa kazini mtaa wa Dagenham, anamvisha bwana mmoja soksi. "Nani anazaa?"

"Gerald!"

"Nani kampa Gerald mimba?"

"Mama Moraa, ametoa kichwa, anakula!" Na hapo sauti ikamponyoka, na Gerald akarudi ndani, lakini si kwa kujifungia kama zamani. Aliacha pua nje.

Kuanzia siku hiyo alizidi kuzoea. Akawa anatoka kuota joto la taa, anazunguka zulia, anarudi katonini. Elkana naye, kwa kukaa sakafuni na kuinuka na kukaa tena, akawa anatembea wima kidogo. Daktari alisema ni mazoezi. Kanisa lilisema ni maombi, likaamua kuja kuongeza mengine.

Wakaja Jumapili alasiri, Pasta Njenga mbele na watu wa kwaya nyuma, kuuombea mgongo wa Elkana. Walivua viatu mlangoni. Pasta Njenga, mtu mnene mwenye suti ya kijivu, alikuwa amevaa soksi nyekundu kama nyanya zilizoiva. Aliagiza macho yafungwe, akaanza. Maombi ya Pasta Njenga hayakuwa safari fupi. Yalipita Misri, yakakaa jangwani kitambo, na yalikuwa yanakaribia mto Yordani wakati Gerald alipotoka katonini, akaona nyanya mbili, akaenda zake polepole kuzichukua.

"Uuuwi! Mama yangu!" Pasta akapaza sauti.

"Ameni!" wakaitikia wenye macho yaliyofungwa.

"Kidole! Kidole!"

"Kidole cha Mungu!" akajibu mama mmoja wa kwaya, machozi yanamtoka.

Ilibidi Elkana apige magoti na kumnong'oneza Gerald amwachie mtumishi wa Bwana. Gerald aliachia kwa wakati wake. Soksi ilitoboka. Kidole kilikuwa kizima, kimeona aibu tu.

Pasta Njenga aliketi kwenye kiti, akakishika kidole. "Mzee Elkana, nilisikia mmeleta mnyama wa ajabu humu nikasema ni uvumi. Kiumbe kinachojificha ndani ya giza na kutoka wakati wa maombi, hicho ni kitu gani? Kitoke leo. Ama kitoke, ama tuzungumze habari za kiti chako cha uzee."

Elkana hakuwahi kumpinga mchungaji. Alimtazama Teresia, aliyekuwa mlangoni na sufuria, kisha akamtazama Gerald, ambaye kwa kelele zile alikuwa ameshafunga milango.

"Pasta," alisema, na kwa mara ya kwanza watu walimsikia akisema taratibu, "wewe ulipofika London ulikaa kwangu. Chumba kile cha juu. Majira yote ya baridi hukutoka ila kwa chakula. Ulikuwa unaogopa polisi, unaogopa baridi, unaogopa hata simu ikilia. Tulikuwa tunakuwekea sahani mlangoni. Kuna mtu hapa alisema wewe ni pepo?"

Pasta Njenga aliivuta soksi kuficha tundu.

"Hatukusema," akaongeza Teresia. "Na soksi nitakushonea. Chakula kiko tayari."

Ilikuwa kuku, na hasira ya mchungaji haikuwahi kuvuka paja la kuku. Alikula ameinua miguu kwenye stuli. Habari za kiti cha uzee hazikutajwa tena.

Mwezi wa sita Jaswant alisisitiza kwamba gari lolote la mtumba lazima likaguliwe. Basi Teresia alipokuwa na siku ya mapumziko walimpeleka Gerald kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa msichana mchangamfu mwenye mikono yenye joto. Alimpima uzito, akamchungulia mdomo, akamgeuza na kumtazama tumbo na mkia, akatabasamu. Alisema yuko vizuri sana. Lakini alisema kwa Kiingereza. Kiswahili hakina neno, yeye ni yeye, awe bibi awe bwana. Kiingereza hakijui kuficha aibu ya mtu. Daktari alisema "she", akarudia, na alipoulizwa akaeleza kwa upole: tumbo bapa, mkia mfupi, ni jike, na amekuwa jike miaka yote hiyo.

Elkana alitoka pale kama mtu aliyekamatwa amevaa nguo za mkewe. Ndani ya basi alikaa na katoni mapajani, vituo kadhaa vikapita. Gerald alikuwa ametoa kichwa chote, anatazama abiria.

"Kwani ulikuwa unamwambia nini?" Teresia akauliza.

"Mambo ya wanaume."

"Yule ni mwanamke mwenzangu sasa. Atanieleza."

Elkana alisogeza katoni. Alitazama dirishani. "Nilimwambia mgongo huu hautapona nikawa kama zamani," alisema. "Na kwamba asubuhi ukiamka kwenda kazini mimi silali. Najifanya. Naona haya kukuangalia ukivaa viatu vyako gizani, na mimi mwanamume mzima nimelala."

Teresia akamgusa goti. "Baba Moraa, najua hulali. Ukilala unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Muulize Jaswant, ukuta ni mmoja. Kama huna usingizi, si uamke unipikie chai?"

Kesho yake, kabla ndege hawajaanza, Elkana alishuka ngazi ameshika ukuta, akawasha jiko. Alitia tangawizi kana kwamba anawapikia watu wa matanga. Teresia aliinywa yote akiwa amesimama, machozi yanamtoka, akasema haijawahi kupikwa chai mbaya namna hiyo Uingereza nzima, akavaa viatu vyake huku taa imewashwa, akatoka kwenda kituoni.