Neno la Lavonne Kwenye Mlango wa Kihenge

Jumamosi, tarehe 9 Machi, 2019. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Barafu ya usiku ilikuwa imeanza kuyeyuka na matope ya uani yalishika viatu hadi kwenye vifundo. Upepo haukuwepo kabisa.

Siku hiyo kaka yangu, Delmar Hinrichs, alizama katika mahindi yake mwenyewe, wala hakufa. Nasema mapema kwamba hakufa, kwa sababu kifo sicho ninachotaka kusimulia. Nasimulia jambo lililompata mkewe, Lavonne, siku hiyohiyo. Watu wa kanisani wanaliita muujiza. Mimi nimeshindwa kuliita hivyo, ingawa nimeliombea sana.

Shamba la Delmar ndilo la mwisho hapa Weldin Creek. Tulipokuwa wadogo, ukisimama mlango wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa huoni kitu ila mahindi, soya na mnara wa kanisa la Kilutheri. Sasa nyumba zimetuzunguka pande tatu, zote rangi ya uji, na upande wa nne kuna barabara kuu na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Waliouza mashamba walipewa mitaa yenye majina yao, kama shukrani. Upo mtaa wa binamu yetu Harlan, ambaye anaishi Florida na hajawahi kuukanyaga. Upo Mtaa wa Ebeling, na humo hakuna Ebeling hata mmoja. Malisho ya ng'ombe wao yamekuwa uwanja wa shule.

Wakazi wapya ni watu wa heshima. Wengi huenda kazini Chicago kwa treni, wakitoka gizani na kurudi gizani. Waliponunua nyumba waliambiwa wataliona shamba dirishani, na hilo liliwapendeza. Baadaye wakaja kwenye mkutano wa mji kulalamika kwamba shamba linatoa vumbi.

Lakini aliyeumizwa na vumbi ni Lavonne. Alizaliwa kwenye shamba la maziwa, akapumua kuvu ya nyasi kavu tangu utotoni, kisha akaolewa akaja kupumua vumbi la mahindi. Mapafu yake yana makovu. Daktari alimwambia wazi kwamba ama aondoke shambani ama azoee kuishi na mtungi wa oksijeni. Binti yao, Karla, akamtafutia nyumba ndogo huko Duluth, mbali kaskazini, karibu na ziwa, isiyo na ngazi hata moja, mtaa mmoja na wajukuu. Kampuni ya nyumba nayo ilikuwa tayari kununua shamba wakati wowote. Kilichokosekana ni saini ya Delmar, kwa kuwa ardhi iko kwa majina ya wote wawili.

Krismasi iliyotangulia tulikuwa mezani, na Lavonne akauliza tena kama watauza.

"Nitatoka hapa nikibebwa," Delmar akasema.

"Basi nitasubiri wakubebe," Lavonne akajibu. "Mimi sina haraka. Kifua ndicho chenye haraka."

"Utawauzia kabla sijapoa."

"Siku ya mazishi nitapakua viazi vya jibini kwa mkono mmoja na kusaini kwa mwingine. Nipe chumvi."

Tulicheka, na yeye Delmar alicheka. Lakini kila aliyekuwepo alijua kwamba Lavonne amesema anachokusudia kufanya. Hana mzaha wa uongo. Aliwahi kumwahidi mama yetu kwamba hatampeleka katika nyumba ya wazee. Mama aliishi miaka saba baada ya hapo, na ile ya mwisho hakumtambua Lavonne, alimwita mwizi na kumpiga kwa kijiko. Lavonne alimwosha kila asubuhi mpaka Bwana alipomchukua.

Sasa nirudi kwenye hiyo Jumamosi. Nilikuwa nimekuja kumchukua Lavonne twende kanisani kupanga vikombe vya ushirika. Nilipoteremka garini nilisikia mashine ya kupakulia mahindi ikinguruma chini ya kihenge kikubwa cha bati. Lori lilikuwa limeegeshwa tayari, lakini mdomoni mwa mashine hamkutoka hata punje. Na hapakuwa na mtu.

Mtoto wa mkulima hahitaji kuelezwa. Vuli iliyotangulia mvua ilikuwa nyingi, watu waliingiza mahindi mabichi, na kufikia Machi yalikuwa yameshikana juu kama mkate ulioungua. Ndipo mtu huingia na nondo kuyavunja huku mashine ikivuta kwa chini. Kila mkulima anajua haifai, na kila mkulima amefanya. Nilizima mashine nikapanda ngazi ya nje hadi kwenye mlango wa juu wa kihenge.

"Del?"

"Nani huyo?"

"Mimi, Arlys."

"Umezima?"

"Nimezima."

"Basi usiingie. Na usimwite Lavonne, humu vumbi ni jingi."

Macho yalipozoea giza nilimwona. Mahindi yalikuwa yamemfika kifuani. Pande la mahindi yaliyoganda lilikuwa limeziba tundu la chini, na hilo ndilo lililomzuia asivutwe hadi mwisho. Lakini nyuma yake ukuta mwingine wa mahindi ulikuwa umesimama juu kuliko kichwa chake, umeegemea bati tu.

"Nawaita zimamoto," nikasema.

"Waite. Waambie nimevaa suruali mbovu, wasije na mpiga picha."

Aliyefika kwanza ni jirani, Todd Maslanka, ambaye bustani yake inapakana na uzio wetu. Huyu ndiye aliyewahi kutuandikia mara mbili kuhusu kelele za feni ya kukaushia mahindi. Alipanda na kamba begani, kijana mwenye moyo mwema na viatu vya mazoezi.

"Mzee, shika kamba, nakuvuta."

"Ukinivuta utaondoka na mikono yangu tu. Mwili utabaki huku. Kaa hapo hapo, Todd. Feni haikusumbui leo?"

"Leo haina shida, mzee."

"Afadhali."

Zimamoto walikuja upesi. Kapteni wao, Pruitt, alitazama ndani, akashuka ngazi mbili, akaniambia kwa sauti ya chini ili Delmar asisikie. Vifaa vya kumwokoa mtu kwenye kihenge hawakuwa navyo tena. Kituo kilivigawa kwa mji mwingine upande wa magharibi, ambako mashamba bado yapo. Yanahitajika mabamba ya kumzungushia mtu, kisha mahindi yaliyo ndani ya duara yafyonzwe kidogo kidogo mpaka awe huru. Mabamba yalikuwa njiani, lakini ilikuwa Jumamosi na barabara zilijaa watu wa madukani.

"Mpaka yafike, asitikisike," alisema. "Ule ukuta ukianguka, sina la kufanya."

Akaingia akiwa amefungwa kamba, akalala juu ya ubao, akampitishia Delmar mkanda chini ya makwapa. Mimi nilibaki mlangoni, mkono juu ya bati baridi, nikiomba. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, Bwana, mshike, Bwana, mshike.

Kisha nikasikia pumzi chini yangu kwenye ngazi, pumzi ile ya kukwaruza ninayoijua. Lavonne alikuwa amejifunga mtandio puani na alikuwa anapanda, anasimama, anapanda tena.

"Wifi, shuka," nikamwambia.

"Nikishuka itanibidi nipumzike njiani. Bora nipumzikie huku."

Nilimpisha. Delmar aliisikia sauti yake, na hapo ndipo mzaha ulipomtoka wote. Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika baba.

"Lavonne, wataweka jina langu kwenye mtaa."

"Hawataweka. Tulia."

"Watachimba pale baba alipopanda. Utawauzia."

"Del, tulia, usijichoshe."

"Niahidi hutauza."

Lavonne aliukaza mtandio puani.

"Niahidi, Lavonne. Nikifa, nisipokufa, niahidi." Alianza kujinyonganyonga kama mtu anayetaka kupanda kutoka majini, na kila alipotoa pumzi mahindi yalijaza nafasi iliyobaki. Yalipanda kutoka makwapani hadi kwenye mabega. Nyuma yake punje zilianza kuteremka kutoka kwenye ule ukuta, chache, kisha nyingi.

"Mzee, acha!" Pruitt alimwambia, akageuza uso kuelekea mlangoni. "Mama, mwambie lolote. Mwambie, mtazungumza baadaye."

"Ni maneno tu, mama," Todd akasema kutoka chini yetu kwenye ngazi.

Nami nikamshika mkono. "Wifi, sema tu. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa, Arlys," alisema. "Mimi ndiye nitakayekumbuka."

Nitaeleza kwanza yaliyofuata, kwa sababu yalifuata haraka na watu wote hapa wanayajua. Mabamba yalifika. Walimzungushia Delmar, wakatoboa ubavu wa kihenge kwa msumeno, na mahindi yakamwagika juu ya mabaki ya theluji chafu hadi watu wa mtaa wa Ebeling wakatoka na watoto wao kutazama. Walimtoa bila suruali. Alilala hospitali siku mbili, na mwezi wa tano alipanda mahindi kama kawaida. Amepanda kila mwaka tangu hapo.

Lavonne sasa ana mtungi. Mpira wake mwembamba unatoka puani na kumfuata jikoni, chumbani na chooni, na mtu hana budi kuangalia asiukanyage. Nyumba ya Duluth ilichukuliwa na watu wengine. Karla hupiga simu Jumapili baada ya ibada, na wajukuu humwimbia bibi yao, naye husikiliza kwa sababu kuimba hawezi. Kampuni ya nyumba ilikuja mara nyingine. Lavonne alimwita mwakilishi wao ndani, akampa kahawa, akamwambia hapana. Hakueleza kwa nini.

Mwaka jana nilimfuata Delmar kwenye banda la trekta, nikamwambia, "Mwachilie, Del."

"Sikumfunga."

"Ulimfunga ukiwa ndani ya mahindi."

Aliendelea kupangusa koleo lake. "Mtu aliye ndani ya mahindi husema mengi," alisema. "Yeye alikuwa nje."

Nimeomba nisimchukie kwa maneno yale. Kuna siku naweza. Nilimwuliza na Lavonne kama hawezi kuhesabu kwamba alilazimishwa. Mchungaji wetu mwenyewe alimwambia kwamba neno lililotolewa kwa hofu halimfungi mtu. Alimshukuru mchungaji, akamkatia keki. Kwangu alisema, "Alinisikia akatulia, Arlys. Angalikuwa amekufa. Nikilirudisha neno, nitakuwa nimemtuliza kwa kitu gani?"

Hivyo ndivyo ilivyo. Basi nirudi pale mlangoni.

Delmar alikuwa amefumba macho, kinywa wazi, punje zikigusa kidevu chake. Pruitt alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili na kumkinga kwa mgongo wake mwenyewe. Vijana wawili wa zimamoto walikuwa wamesimama kwenye paa, Todd kwenye ngazi, mimi pembeni ya mlango. Lavonne alitazama nje mara moja, upande wa kaskazini, ambako kwa ukungu ule hapakuonekana hata uzio. Akauteremsha mtandio ili asikike vizuri. Vumbi likamwingia, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Hakuna aliyemharakisha.

"Delmar," alisema. "Fumbua macho unitazame."

Akafumbua.

"Kapteni, sikiliza. Nanyi vijana. Na wewe, Todd. Arlys, sikiliza." Aliweka mikono yote miwili kwenye ukingo wa bati. "Mimi Lavonne, mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote, sitaliuza shamba hili. Uwe hai, Del, au uwe umekufa, sitaliuza. Nitakaa hapa."