Pumzi Hadi Tumboni

Wengine wakifunga macho hutulia. Mimi nikifunga macho, harufu ndiyo inayofunguka.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka hushuka kutoka wodini na damu, usaha, mkojo, na mengine ambayo sitayataja. Kwenye chumba cha kuchambulia mashuka hayo machafu tunaingia na kanuni mbili alizonifundisha Bi Mkubwa, mfuaji aliyeanza kazi kabla sijazaliwa: pumua kwa mdomo, na usifumbe macho, maana sindano hujificha kwenye mikunjo. Nilichambua miaka miwili. Mwezi uliopita ndipo nilipohamishiwa kwenye pasi, kwa majaribio, na huko nikapata utulivu wangu: shuka safi, mvuke, mkono unakwenda, mkono unarudi, kichwa kitupu. Sikufundishwa na mtu.

Lakini msimamizi wetu alikwenda semina, akarudi na mwalimu wa utulivu, kijana aliyejipaka marashi ya waridi mpaka masikioni. Wiki ya kwanza tulikodolea mshumaa macho. Bi Mkubwa akakoroma. Wiki ya pili tulivuma pamoja kama nyuki, muuguzi akaja kuuliza mashine ipi imeharibika. Wiki ya tatu mwalimu alilalamikia kelele. Msimamizi, ambaye hajawahi kuchambua hata foronya, akatupeleka kwenye chumba pekee chenye kimya: cha kuchambulia. Marobota ya mashuka ya asubuhi yalikuwa bado hayajaguswa.

Mwalimu akavua viatu, akatandika mkeka katikati.

"Fumbeni macho. Vuteni pumzi kwa pua, ndefu, hadi tumboni."

"Tumboni?" Bi Mkubwa akaninong'oneza. "Mwanangu, huyu anatutakia mema kweli?"

Nikaacha mdomo wazi. Mwalimu akaja akasimama mbele yangu.

"Dada, funga mdomo."

"Hii ndiyo njia inayonifaa, mwalimu."

"Huo ni uvivu. Mwili wako unakataa mabadiliko."

Akanishika kidevu, akaufunga mdomo wangu kwa vidole vyake laini, vyenye jasho. Nikavuta. Usaha wa juzi ukaingia puani umeshikana mikono na waridi lake. Chai yote niliyokunywa asubuhi ikamwagikia mkeka, na miguu yake mitupu.

"Ameanzia tumboni, mwalimu," Bi Mkubwa akasema. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Mchana msimamizi akaniita ofisini.

"Utamwomba radhi mbele yangu. La sivyo, Jumatatu unarudi kuchambua, na pasi uisahau."

"Alinishika mdomo, bosi."

"Alikuwa anakusaidia."

Nje ya mlango Bi Mkubwa akanivuta mkono. "Liseme tu, mwanangu. Neno moja. Utaipata wapi tena pasi?"

Nililiweka ulimini lile neno. Lilikuwa na ladha ya vidole vya mwalimu.

Niliporudi ofisini, mwalimu akaingia, miguu imeoshwa, waridi limeongezwa. Kabla sijafungua kinywa, akatabasamu.

"Nimeshakusamehe, dada. Najua hukukusudia."

Akanipa mkono, uleule. Niliutazama mpaka akauteremsha mwenyewe.

"Jumatatu nitachambua," nikamwambia msimamizi. "Radhi siombi. Si leo, wala hiyo Jumatatu."