Ua Lisilovuka Mlango

Mniko alikuwa amezika watoto watatu, na wote watatu walipewa majina mazuri ya bibi zao. Basi huyu wa nne, aliyemzaa kwenye zahanati ya misheni Tarime mwaka ule wa hamsini na saba, hakutaka kumpa jina la mtu yeyote. Siku saba nzima alimwita "wewe" tu.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Philomena, Mmarekani mwenye maneno mengi, alimwonyesha picha gazetini. Ilikuwa meli ya matanga, imeundwa kwa mfano wa ile iliyowavusha watu wa kale kwenda Marekani. Inaitwa Ua la Mei, akasema, ua jeupe la mti wa miiba. Halafu akacheka peke yake. Bibi yake alikuwa hataki hata kuliona ua hilo ndani. Eti likivuka mlango tu, mama wa nyumba anakufa.

"Mama?" Mniko akauliza. "Siyo mtoto?"

"Mama. Lakini ni maneno ya wazee tu, usiyabebe."

Aliyabeba. Njia nzima ya kupanda kwao mlimani aliyabeba, mtoto kifuani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, akajiona anatembea juu ya maji asiyowahi kuyaona, meli nyeupe inamtangulia, maua yanadondoka taratibu bila sauti. Hakuogopa. Moyo wake ulikuwa mwepesi, jamani, mwepesi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu azike yule wa kwanza.

Mama mkwe wake, Mogesi, alikuwa amesimama mlangoni. Ulimi wa mama yule ulikuwa haujui kupumzika. Hata kwenye mazishi yale matatu alimsema Mniko mbele za watu. Aliitikia shikamoo, akauliza mtoto anaitwa nani.

"Mei."

Jina gani hilo, la mbuzi? Mniko alikuwa amechoka kuficha mambo. Akamweleza yote, meli, miiba, mlango, na ni nani anayechukuliwa. Akasema yeye yuko tayari. Kisha akainua mguu aingie.

Mogesi akanyoosha mkono kumzuia.

"Nipe nimwingize mimi," akasema. "Mama wa nyumba hii ni mimi."

Akampokea Mei, akaingia naye ndani.